Rukia, Mahadhi Yale Yalikuwa Yangu

Rukia mwanangu,

Wewe umekwenda Miburani kumuaga shangazi yako, na mimi nimechana karatasi katika daftari lako la zamani, nimekaa jikoni, mlango nimeurudisha. Nataka nimalize kabla hujarudi, maana ukinikuta nimeshika kalamu utacheka, utauliza, "Leo mama anamwandikia nani, Rais?" Mwandiko wangu unaujua, unakwenda upande kama kaa. Mimi niliishia darasa la nne. Vumilia.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za chakula, wala za kujihadhari na watu. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka baba yako ameniambia mdomo wangu umekuwa cherehani. Lipo jambo moja ambalo sijalisema, na si wiki hii tu, ni miaka kumi na miwili sasa.

Siku ile uliposoma kwenye simu jina la chuo cha uuguzi ulichopangiwa, uliruka ukasema, "Mama! Ni pale pale uliponizalia!" Mimi nikainuka, nikaenda kufunua sufuria ya wali ambayo hata moto ilikuwa haijawashiwa. Nilikusikia ukimuuliza baba yako, "Mama ana nini? Hataki niende?" Nataka uende, mwanangu. Nilikuwa na hofu tu. Chuo hicho kimepakana na nyumba ya masista, na masista wale wanaimba. Siku ya kwanza utakayowasikia utasimama njiani, useme, haya mahadhi mimi nayajua. Basi sitaki uyasikie kwao kabla hujayasikia kwangu.

Nilikuwa na mimba yako ya miezi minne na kitu. Baba yako alikuwa amepata kazi kwenye maghala ya korosho kusini, mbali na bahari, nami nikamfuata. Mimba mbili zilikuwa zimekwisha kuharibika kabla yako, hilo unalijua. Hii ya tatu nayo ilipoanza kuonyesha damu tukakimbilia hospitali ya misheni. Daktari akaniambia nilale. Nilale mchana na usiku, mto chini ya miguu, nisiinuke hata kwa kujinyoosha. Nililala wiki tisa. Baba yako akija jioni ananitania, "Mke wangu, safari hii utaota mizizi kama muhogo."

Kitanda changu kilikuwa dirishani, na ng'ambo ya ua palikuwa na kanisa dogo la masista. Siku ya kwanza sikujua. Niliamka bado giza, nikawa nasubiri adhana, mpaka nikakumbuka kwamba kule hakuna msikiti wa karibu. Nikaingiwa na upweke ambao sijawahi kuusimulia. Ndipo ikaja sauti moja ya mwanamke. Nyembamba, haina haraka. Ikapanda kidogo tu, kama mtu anayenyoosha shingo achungulie juu ya ukuta, ikashuka. Halafu sauti nyingine zote zikaingia humo humo ndani yake. Walikuwa labda ishirini, lakini ungeapa ni mtu mmoja mwenye kifua kikubwa. Hakuna ngoma, hakuna kinanda, hakuna makofi. Wallahi hakuna hata mguu uliogonga sakafu.

Sisi tumezoea pigo, mwanangu. Hata tukitwanga tunatwanga kwa pigo. Basi mimi nikawa nasubiri pigo lije. Haliji. Nasubiri, haliji. Mwisho kile kinachosubiri ndani yangu kikachoka, kikakaa kitako, na hapo ndipo nilipoanza kusikia. Nikagundua kwamba linaloongoza ni neno lenyewe. Neno likiwa fupi wanapita nalo, likiwa zito wanalivuta na kulizungusha, silabi moja inakwenda juu na chini mpaka unaogopa haitapata pa kutua, halafu inatua taratibu, kama mtu anayeshusha ndoo ya maji kichwani na hamwagi tone. Mimi nikasema moyoni, mbona huku ni kama kuvuta madda? Mbona hawa wanawake wanasoma kama wasomaji wetu wa Kurani wanavyosoma?

Kitanda cha pili alilala Mama Joni, mwenyeji wa kule kule, Mkristo, mcheshi kupita kiasi. Yeye hakuyapenda hata kidogo.

"Nyimbo gani hizi," anasema, "hata bega halitikisiki! Mama Mwislamu, ukipona nikupeleke kanisani kwetu Jumapili. Kuna magitaa, kuna vigelegele, utasahau hata mimba."

"Nikisahau mimba, hapa nimelala kwa ajili gani?"

"Kwa ajili ya uji wa bure."

Tukacheka mpaka sista wa zamu akaja mbio, maana mimi nilikatazwa kucheka kwa nguvu.

Sista mwenyewe ndiye Sista Agata, mtu mzima, miguu imevimba kwa kusimama, mikono yake laini kuliko ya mtu yeyote aliyewahi kunichoma sindano. Sijui kama yu hai. Siku moja nikajikaza nikamuuliza, "Sista, mnasema nini kule alfajiri?"

"Ni Zaburi."

"Zaburi ya Nabii Daudi?"

"Huyo huyo. Mmemjua wapi ninyi?"

"Ah, Sista! Nabii wetu yule. Alipokuwa akisoma, milima na ndege vilikuwa vikimsabihi Mungu pamoja naye."

Akacheka, akakaa kitandani kwangu, jambo ambalo masista hawalifanyi. Tangu siku hiyo kila akinipima ananipa maelezo kidogo kidogo, nami namchokoza kwa maswali kama mtoto. Akaniambia ile lugha ni Kilatini, na kwamba leo hakuna mtu duniani anayenunulia samaki kwa lugha hiyo. Zaburi nyingine waliziimba kwa Kiswahili, lakini mahadhi ni yale yale. Akaniambia yana zaidi ya miaka elfu. Watawa wa Ulaya waliyaimba kabla hata hawajajua namna ya kuyaandika. Mdogo anayapokea mdomoni kwa mkubwa, anayashika moyoni, kama sisi tunavyohifadhisha watoto msahafu. Baadaye wakaanza kuweka vialama vidogo vidogo juu ya maneno, kwenye ngozi za wanyama, na vialama vyenyewe havikumfundisha mtu kitu, vilimkumbusha tu aliyekwisha kujua.

"Na nani aliyatunga?"

"Mengi hayana mwenyewe. Hakuna aliyeandika jina."

Hapo nikazidi kuwapenda watu wale ambao sikuwaona. Mtu anatengeneza kitu kizuri vile, kisha anaondoka bila kusema ni changu! Sisi hapa mtu akipika maandazi tu mtaa mzima utaambiwa.

Nikamuuliza tena, "Pumzi zenu haziishi? Mbona sisikii mahali mnapovuta?"

"Zinaisha. Ila hatuvuti wote mara moja. Mmoja akichoka ananyamaza kidogo, mwenzake anashika, naye anarudi polepole, asisikike akirudi."

Basi kila nikisikia nikawa nasikiliza kwa sikio jingine, nikimtafuta aliyenyamaza kupumzika. Sikumpata hata siku moja. Nimeishi na watu maisha yangu yote, Rukia, kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye mwani, na kila mahali tunagombania nani asikike. Sijaona tena watu wengi wanaobebana vile.

Na lipo jingine. Katika Zaburi wanagawana pande mbili, upande huu unaimba mstari, upande ule unangoja zamu. Lakini katikati ya mstari wanasita. Wote. Kimya kidogo, kiasi cha kumeza mate, kisha wanamalizia. Mwanzoni nilidhani wamesahau. Baadaye nikawa naufunga moyo wangu kwenye kile kimya. Ilikuwa asubuhi ya wiki ya tatu, wamesita hivyo, na katika kusita kwao wewe ukacheza tumboni. Ulikuwa hujacheza kabla. Daktari alikuwa ameanza kunitazama kwa jicho ambalo nilikwisha kulijua mara mbili. Ukacheza, wao wakaendelea, mimi nikalia na mto mdomoni ili Mama Joni asiamke akanitania.

Sikubadili dini, mwanangu, wala hakuna aliyeniambia nibadili. Sala zangu nilizisali nimelala, kwa ishara, na saa yangu ya alfajiri ilikuwa ni wao. Nilizaa salama, hospitali hiyo hiyo, na ulipotimiza miezi mitatu tukarudi huku Mafia.

Tulivyorudi, maneno yakaanza. Unamjua Bi Mwanahawa jirani, mdomo wake hauna mlango. Tumekaa kufunga mwani, wanawake kumi, akasema, "Wiki tisa kwa masista! Mwenzetu umerudi na mtoto tu, au na msalaba umeufunga kwenye pindo la kanga?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini liliniganda. Ukimpeleka mwanao kliniki wanasema ni sindano za masista. Ukikohoa, masista. Nikaapa sitataja tena mambo ya kule, hata kwa wema. Lakini mdomo niliufunga na koo sikulifunga. Nilikuwa nakufungia mgongoni na kuingia majini wakati wa bamvua, maji yametoka mbali, nafunga mbegu za mwani kwenye kamba, na mahadhi yale yananitoka puani bila mimi kujua. Wewe uko mgongoni, sikio lako limelala kwenye mbavu zangu. Miaka mitatu hivyo. Ningefikiri nini? Nilifikiri mtoto analala.

Sasa nafika penyewe. Nimesimama nikanywa maji kwanza.

Ulikuwa na miaka tisa. Mfungo Sita, mazoezi ya Maulidi uani kwa Maalim Kombo, sisi wanawake tunachambua mchele upande mmoja, watoto mmekaa mkekani, wavulana na dufu zao. Maalim alikuwa amekuchagua wewe kuongoza kasida. Nilikuwa najivuna, sikufichi, nilijifunga kanga mpya kwa kuchambua mchele. Ukasimama, ukaanza. Maneno ni yale yale ya kumsifu Mtume tunayoyajua wote, lakini mahadhi, Rukia, mahadhi yalikuwa ya dirishani kwangu. Ulipanda kidogo, ukazunguka, ukashuka. Wavulana wakainua mikono wapige, wakapotea. Hawakupata mahali pa kupigia! Wakatazamana, mikono iko juu, mmoja akapiga ovyo, mwenzake akamkanyaga mguu. Watu wakaanza kucheka. Wewe hukuwaona, ulikuwa umefumba macho. Ulifika katikati ya mstari ukasita, kiasi cha kumeza mate, ukaendelea.

Maalim Kombo akainua mkono, ua mzima ukanyamaza. Akasema, "Haya mahadhi umeyatoa wapi?"

Ukafumbua macho, ukanitazama mimi. Na Bi Mwanahawa akageuka na ungo wake, akanitazama mimi.

Niliyoyafanya unayajua. Nilikuja pale nikakupiga kofi mbele ya watu wote, nikasema umeyaokota redioni, nikasema na sauti yenyewe mbovu, unatutia aibu. Nikakuvuta mkono tukaenda nyumbani. Njia nzima hukulia. Ulikuwa unanitazama pembeni kama mtu aliyepanda chombo na nahodha asiyemjua.

Usilolijua ni hili. Siku ya tatu Maalim alikuja, wewe ulikuwa umekwenda kisimani. Hakuingia, alisimama mlangoni na fimbo yake.

"Bi Saumu, niliinua mkono ili wale wapiga dufu wasije wakamharibia mtoto. Nilitaka aanze tena."

Nikasema, "Maalim, yale mahadhi..."

"Usinieleze. Mimi natazama maneno, na maneno yalikuwa ya Mtume wetu. Nimefundisha kasida tangu sina ndevu, sijapata kumsikia mtoto anayeyapa maneno nafasi namna ile. Mlete kesho."

Nami nikamjibu, "Hataki tena, Maalim."

Sikukuuliza, mwanangu. Nilisema hutaki na sikukuuliza. Niliona tu nitakavyokaa tena uani pale, na wewe unaimba, na watu wanaulizana, na ukweli utoke kwamba mtoto ameyatoa kwa mama yake na mama ameyatoa kwa masista. Kofi lilikuwa la hasira ya mara moja, mtu huweza kulieleza. Lile jibu nililitoa nimetulia, nimesimama mlangoni kwangu.

Hujaimba tangu hapo. Hata ukiosha vyombo, hata ukimbembeleza mtoto wa watu. Kwenye harusi ya binamu yako wasichana walikuvuta, "Rukia, tuongoze!" ukasema kwa tabasamu, "Niacheni, mimi sauti yangu mbovu." Nilikuwa napita na sinia la biriani. Nilikusikia. Nikapita, nikagawa biriani, nikasifiwa.

Utauliza kwa nini leo. Kwa sababu ya chuo, nimekwambia. Na kwa sababu ya yule binti wa utafiti wa papa potwe aliyepanga chumba kwa mama mkwe wa Bi Mwanahawa. Mwezi uliopita nilimpelekea mayai, nikamkuta anatazama picha za potwe, anahesabu yale madoa yao ya mgongoni apate kujua yupi ni yupi, na kwenye simu yake, chini chini, wanaume wanaimba. Bila ngoma. Nikakalia ndoo.

"Hawa ni watawa," nikamwambia.

"Umewajua, mama? Ni ya zamani sana haya. Nikiyaweka kazi inakwenda, akili haitawanyiki."

"Kwani wewe Mkristo?"

"Mimi Mwislamu kama wewe. Naitwa Zuhura! Chuoni kwetu wengi wanayasikiliza, hata wasio na dini."

Nikarudi nyumbani nikiwaza. Miaka elfu, na msichana wa Dar es Salaam anayeweza kusikiliza chochote anachotaka duniani, anachagua hayo. Nimeyawaza sana, kwa akili yangu hii ya darasa la nne. Nadhani ni kwa sababu hayamtaki mtu kitu. Nyimbo nyingine zinakuja kwako mikono imenyooshwa, nicheze, nipende, nililie. Haya hayageuki hata kukutazama. Yanakwenda zake kwa Aliyeimbiwa, nawe ukitaka kaa karibu, usipotaka pita. Wanaoimba wanajificha ndani yake, hakuna wa kumpigia makofi. Kwa hiyo hayazeeki, maana hayakuwahi kujipamba. Na mimi nilikuwa nikiyaonea aibu! Kitu kilichonilaza nimetulia wiki tisa mpaka ukashika, nikakifanya siri kama mtu aliyeiba.

Ukifika kule, sikwambii uingie kanisani, wala sikwambii usiingie. Una akili zako. Ila ukiwasikia, usikimbilie kuyapenda. Yataanza kukuchosha, kama yalivyomchosha Mama Joni. Acha usubiri pigo mpaka uchoke. Na ukimkuta Sista Agata, mwambie mimi ni yule wa kitanda cha dirishani, na wewe ndiwe yule mtoto aliyekuwa hataki kucheza.

Lakini hayo ni baadaye. Kesho asubuhi kabla ya kwenda kupanda boti watakuja watu kukuombea dua. Maalim Kombo ataletwa, macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Bi Mwanahawa atakuwepo, hakosi chai ya watu. Na kama ilivyo desturi, utapiga magoti uniombe radhi kwa yote uliyonikosea, nami nikupe, ndipo uondoke.

Mwanangu, radhi yangu ipo, nilikwisha kukupa, huna ulilonikosea. Lakini kesho usianze wewe. Nimemwambia baba yako, akasema mzazi haombi radhi kwa mtoto, haijapata kuonekana. Nikamwambia kofi lilionekana. Nilikukosea mbele ya watu, basi nitasema mbele ya watu hao hao, wale waliobaki hai. Nitasema mahadhi yale yalikuwa yangu, nimeyatoa wapi, na nani aliyemwambia Maalim kwamba hutaki. Usinishike mkono, usiseme yamekwisha, mama. Wala sikuombi uimbe, usidhani ninakutega. Ukiona vigumu kunisamehe hadharani, nyamaza tu, nenda zako, hasira yako ni halali na haitakuzuilia dua yangu hata moja.

Naogopa, sikufichi. Ndiyo maana nimeandika kwanza, ili nikikwama pale uwe umekwisha kujua. Karatasi hii nitaiweka juu ya mto wako uisome kabla hujalala.

Sauti yako haikuwa mbovu, Rukia. Ilikuwa nzuri, na nililijua hilo mkono wangu ukiwa bado hewani.

Mama yako,
Saumu